Kumbukumbu ya mradi wangu: mahitaji ya diski na mfumo wa faili kwa hifadhidata

Jumatatu

Rasimu ya kwanza ya mwongozo ninaouandika nimeifuta. Ilikuwa jedwali la ukubwa: data kiasi hiki, diski kiasi hiki, nakala rudufu kiasi hiki. Hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Nataka mwongozo uanze na swali zito zaidi: umeme ukikatika sasa hivi, muamala (badiliko la data, kama vile malipo) ambao mtumiaji ameshaambiwa umekamilika utakuwepo seva ikiwaka tena?

PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huandika muamala kwenye logi yake (daftari la mabadiliko), kisha huita fsync, yaani huiamuru kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ishushe data hadi kwenye diski yenyewe. Jibu likirudi, muamala unahesabiwa umekamilika. Usalama wote umesimama juu ya jibu hilo, kwa hiyo sharti namba moja sasa ni diski isiyodanganya.

Jumatano

Leo nimepata namna ya kuipima. Diski ya sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde. Miamala ikienda mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukisubiri sahani izunguke, haiwezekani kuvuka 120 kwa sekunde. Niliendesha pg_test_fsync, kifaa cha PostgreSQL cha kupima kasi ya fsync, kwenye diski ya aina hiyo niliyoiweka ndani ya kasha la USB, ikanipa maelfu. Nikaichomoa, nikaiunganisha moja kwa moja kwenye ubao mama: namba ikaporomoka chini ya 120. Kasha ndilo lililokuwa likijibu "tayari" kabla data haijatua. Kipimo hiki kimeingia kwenye mwongozo pamoja na amri yenyewe, ili msomaji ajipimie.

Nimeongeza pia sharti la toleo. Mwaka 2018 wasanidi wa PostgreSQL walitambua kwamba kwenye Linux, fsync ikishindwa, kerneli inaweza kuzihesabu kurasa za data zilizokuwa zikisubiri kuandikwa kuwa tayari zimeandikwa. Ukiiita mara ya pili inajibu kuwa imefaulu, na data imepotea. Tangu toleo la 11.2, lililotoka Februari 2019, seva hujizima kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye logi. Kwangu, kuzimika ni bora mara mia kuliko kuendelea na data mbovu.

Ijumaa

Mifumo ya faili. Ext4 na XFS hazikunichukua muda. MongoDB, hifadhidata nyingine, yenyewe inapendekeza XFS. Btrfs, mfumo wa faili mwingine, imenila nusu siku. Wengi huizimia tabia yake ya kunakili kila inapoandika kwa amri ya chattr +C, lakini alama hiyo huwekwa kwenye folda kabla faili hazijaundwa, na ukishaiweka unapoteza ukaguzi wa data ambao pengine ndio uliokufanya uchague Btrfs. Nimeyaandika yote mawili wazi. SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ikitumia WAL (logi inayoandikwa kabla ya data yenyewe) haifanyi kazi juu ya diski ya mtandao, kwa sababu michakato yote lazima ishiriki kumbukumbu moja. Sentensi moja imetosha.

Nimekwama pia kwenye jambo dogo. Niliunganisha diski mpya, nikaelekeza initdb, amri ya PostgreSQL ya kuunda hifadhidata mpya, kwenye folda yake ya juu kabisa, ikakataa: folda si tupu, ina lost+found, folda ambayo mfumo wa faili huiunda wenyewe. Suluhisho ni kuunda folda ndogo ndani yake. Faida yake ni kubwa kuliko ninavyoona ikielezwa kwa kawaida: siku diski isipounganishwa mashine ikiwaka, folda ile haitakuwepo, na seva itagoma kuanza badala ya kuandika mahali pasipo pake.

Jumapili

Jaribio la kuchomoa waya. Mashine moja inaingiza namba zinazopanda, nyingine inaandika kila namba iliyothibitishwa. Nimechomoa mara tatu. Mara mbili namba ya mwisho ililingana pande zote. Mara ya tatu hifadhidata ilikuwa na namba moja zaidi: muamala ulifika kwenye diski, jibu halikuwahi kutoka. Hilo linakubalika, na nimeeleza sababu yake kwenye ukurasa wa nne.