"Kaa tu Bibi, nitakuletea"

Sentensi hiyo ya kichwa cha habari ni heshima tupu, na ndiyo inayomaliza nguvu za mapaja. Msuli usiobeba mwili husinyaa, na uzeeni haukawii. Halafu siku moja Bibi yuko peke yake kwenye choo cha kuchuchumaa, magoti yanagoma.

Zoezi la kwanza la kurudisha nguvu hizo halidai jimu wala mashine. Kiti cha plastiki kinatosha, ila kiegemezwe ukutani, maana kwenye sakafu ya saruji huteleza na kumwangusha yule yule tunayemkinga. Aketi karibu na ukingo, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo anyanyuke bila kujisukuma kwa mikono. Mara 5; akizoea, 10, apumzike, 10 tena. Wengi hushindwa si kwa udhaifu, bali kwa kutaka kupanda wima bila kuinama. Akishuka, ahesabu hadi tatu. Asijibwage.

Kisha asimame kando ya meza nzito, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10. Hapa huruma huharibu tena: akiikumbatia meza muda wote, meza ndiyo inayofanya zoezi. Aanze na mikono miwili, wiki zinavyokwenda ubaki mmoja, kisha vidole viwili, mwisho mkono uelee tu juu ya meza. Kuyumba kidogo ndiyo kazi yenyewe, mradi mtu awe nyuma yake.

Programu ya Otago, mazoezi ya kuzuia wazee wasianguke yaliyobuniwa New Zealand, hufunga uzito kwenye kifundo cha mguu, mtu ameketi, ananyoosha goti taratibu. Kwetu mfuko wa kitenge wenye mchanga nusu kilo unafaa. Mazoezi yote kwa pamoja ni nusu saa, mara 3 kwa wiki. Kutembea kuongezwe siku nyingine. Kutembea pekee, ingawa ndio ushauri unaotolewa kila mahali, hakutoshi.

Kandambili zilizolika ziwekwe kando, kanga isiburure. Anayemeza dawa za presha akisikia kizunguzungu anaposimama, aketi, siku hiyo basi, na apimwe.

Saa nzuri ni kabla ya chai ya asubuhi, watu wangali nyumbani. Na kikombe chake akifuate mwenyewe.