Ukishuka uwanja wa ndege wa Piarco, soma kwanza namba ya gari

Wanaonitafuta kabla ya kuja Trinidad, kisiwa cha Karibi, huniuliza habari za fukwe. Mimi huwajibu habari za magari. Kisiwa hiki kinaishi kwa mafuta na gesi, hakimsubiri mtalii, kwa hiyo anayekifaidi ni yule anayejua kuzunguka kama wenyeji.

Gari lenye ruhusa ya kubeba abiria lina namba inayoanza na herufi H. Ya P ni gari binafsi. Utawaona wenyeji wakipanda za P, hasa jioni watu wanapotoka kazini. Wao wanajuana, wewe na mabegi yako panda H. Patana nauli kabla hujafungua mlango, na uliza ni dola za wapi. Ya Marekani moja ni kama 6.8 za Trinidad, na zote mbili zinaitwa dola tu. Hapo ndipo wageni wanapoumia.

Ukishatua mizigo, achana na teksi, panda maxi. Ni mabasi madogo meupe yenye mstari wa rangi ubavuni, na mstari ndio unaokuambia liendako: njano magharibi, upande wa Diego Martin na Chaguaramas, nyekundu mashariki hadi Arima, kijani kusini, Chaguanas na San Fernando. Ukiona buluu, uko Tobago, kisiwa pacha cha nchi hii. Mengi huanzia kituo cha City Gate, ambacho zamani kilikuwa stesheni ya treni ya Port of Spain, mji mkuu, kabla reli haijafungwa mwaka 1968. Njia ile ya reli ya kwenda Arima sasa ni barabara ya mabasi na maxi, na magari binafsi yasiyo na kibali hayaruhusiwi humo. Ndiyo maana naipenda nyekundu: saa 11 jioni, wenye magari yao wamekwama kwenye foleni ya barabara kuu, wewe unateleza tu.

Ukipanda, salimia gari zima kwa sauti ya kusikika. Hata dukani na zahanati ni hivyo hivyo. Anayeingia kimya huonekana hana adabu. Ukikaribia unaposhuka, bonyeza kengele. Uwe na noti za 5, 10 na 20, maana dereva hatafurahi ukimtolea 100 asubuhi.

Kuhusu pesa, usibadilishe nyingi kwa mkupuo. Dola za Marekani ni adimu huku, wenyeji wenyewe benki huwapimia kidogo kidogo, kwa hiyo kuzirudisha siku ya kuondoka ni kazi. Noti zote sasa ni za plastiki. Ukirudishiwa chenji ya karatasi, ikatae.

Begini toa chochote chenye mabaka ya kijeshi: suruali, kofia, hata fulana ya mtoto. Sheria inakataza, na forodha wanaweza kukunyang'anya. Umeme ni volti 115, plagi ya pini bapa. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano, kadi ya chanjo ikae pamoja na pasipoti.

Sasa chakula. Asubuhi shuka mji wa Curepe utafute doubles. Muuzaji anatandaza bara mbili, vile vimkate laini vya kukaanga, juu ya karatasi, anamwagia dengu za bizari, tango na ukwaju, anakunja kwa mzungusho mmoja wa kiganja, huku ameshamgeukia mteja mwingine. Atakuuliza pilipili. Sema “slight”, yaani kidogo tu. Mimi nimelelewa na pilipili na bado nasema slight. Moruga Scorpion, iliyotangazwa kali kuliko zote duniani mwaka 2012, ni ya kisiwa hiki. Unakula umesimama, mchuzi ukikutiririka hadi kwenye kiwiko, na mara nyingi unalipa mwishoni kwa hesabu yako mwenyewe. Hakuna anayekuandika.

Tobago utafika kwa ndege kwa takriban dakika 25, au kwa meli kutoka bandari ya Port of Spain. Mimi ni mtu wa meli. Kata tiketi mapema kama ni wikiendi ya Pasaka, beba kitambulisho, na uchukue sweta: kiyoyozi cha mle ndani hakina huruma.