Kopo ya Nido

Moteri niliinunua kwanza, boti nikaja kuipima nyuma. Naanzia hapo mimi mwenyewe, ju kwetu kila mutu mwenye anaelezeaka hii hadithi anaianzia palepale penye mimi naonekana mjinga, basi afazali nijitangulize.

Ilikuwa 2017. Boti ya papa, ni kusema baba yangu, ilikuwa imelala chini ya muti wa avoka, kwetu Nguba, mu muji wa Bukavu kando ya ziwa Kivu, imefunikwa na shitingi yenye kumomoka, na kuku ilikuwa inatagia ndani. Boti ya fibra, mita 5. Papa aliinunua 1983 kwa mzungu moja mwenye alikuwa anarudia kwao Ubelgiji, ikakuja na moteri yake, Johnson ya farasi 25. Na hiyo boti njo papa alikuwa anaenda kisiwa cha Idjwi kuleta mananasi, njo alikuwa anaenda nayo Birava kwa matanga na kwa ndoa, na siku ya mungu kisha misa alikuwa anatupakia watoto wote tunaenda karibu na penye muto Ruzizi inatokea mu ziwa, anapunguza moteri, anatuonyesha vile maji inaanza kutembea. Siye tulikuwa tunaogopa, yeye anacheka.

Alafu ikakuja 1996. Mwezi wa kumi, mbele vita iingie mu muji, papa na mjomba walifungua Johnson usiku wakaizika chini ya magunia ya makala, ju papa alisema askari wa upande wowote akiona moteri, moteri inaenda, na wewe unaenda nayo kuiendesha. Johnson ikapona. Shida ni kwamba papa hakuitosha tena pale chini. Kila mwaka anasema tutaitosha, kila mwaka kuko sababu, mpaka makala yenyewe ikaisha na moteri ikabakia pale na vumbi yake.

Wakati mimi nilijaribu kuiamsha, pistoni zilikuwa zimeshikana kabisa. Fundi akavuta kamba, kamba haikusonga ata kidole moja, akaniangalia na huruma: "Huyu alikufa zamani, munamukalisha tu." Na vipande vyake vya kununua usiulize, kampani yenye ilikuwa inatengeneza Johnson ilifilisika mwisho wa 2000, jina ikanunuliwa na wengine, na za miaka ile ya zamani kuzipata huku kwetu ni kazi ya maombi.

Sasa niko na binamu Dar es Salaam. Akaniambia kuko Yamaha ya farasi 40, ya tu taimu (ile ya kuchanganya mafuta ya injini na esansi, yaani petroli), ilikuwa ya mvuvi, dola 1,400. Sikuuliza kitu. Sikumuuliza papa pia, na hiyo njo kosa kubwa kupita bei. Ile boti ni yake, Johnson ni yake, mimi nilipaswa kukaa chini mbele yake nimuombe, ata na chupa ya bia ya Primus mukononi. Badala yake siku moja nikatokea kwenye parselle na vijana wawili wanabeba moteri kwa muti kama vile wanabeba mgonjwa, imetoka Dar na lori mpaka Rusizi, upande wa Rwanda, ikavuka daraja.

Papa alikuwa kwenye kiti yake ya plastiki.

"Jambo papa."

"Jambo. Hiyo ni ya nani?"

"Yetu, papa."

"Mm."

Hiyo "mm" ilichukua wiki tatu. Kila asubuhi siye tunafanya kazi chini ya avoka, yeye anakokota kiti anakuja anakaa mita kama kumi kutoka kwetu, anasikia kila kitu, anaona kila kitu, ukimuuliza kitu anajibu "mm". Mama alikuwa ananiambia jikoni, mwanangu enda uombe samahani, mimi nasema samahani ya nini, nimenunua na pesa yangu. Kichwa nguvu.

Fundi alikuwa muzee mwenye alitumika miaka mingi na kanoti rapidi, zile boti za mbio zenye zinaenda Goma. Siku ya kwanza hakugusa moteri. Alitosha metre, akapima nyuma ya boti kutoka juu mpaka chini: sentimita 38. Akaenda kupima moteri: 51. Akafunga metre. "Umeleta muguu murefu kwa boti ya muguu mufupi."

Kwa mwenye hajui: moteri ya nyuma iko na kasahani kadogo juu ya elisi (ile panga yenye inasukuma maji), kako kama bawa, na kale kasahani kanapaswa kulingana na tumbo ya boti, ama kashuke chini yake sentimita mbili tatu. Ikipanda sana, elisi inakula hewa. Ikishuka sana, muguu wote unalima maji, inarusha maji nyuma, esansi inaisha bure. Yangu ingeshuka sentimita 13. Nilijisikia mujinga mbele ya kila mutu, na mita kumi kutoka pale kiti ya plastiki ikalia kidogo, unajua mutu akigeuka kusikia muzuri.

Alafu fundi akachukua mupini wa nyundo akaanza kugonga ule ubao wa nyuma wenye unabeba moteri. Pembeni ikalia ko, ko. Katikati ikalia pu, pu, kama papai yenye kuoza. Akatoboa katundu kadogo na maji nyeusi ikatoka, ikanuka vibaya, ikaendelea kutoka muda mrefu. Ndani ya fibra kulikuwa tripleksi (plaiwudi), na ile tripleksi ilikuwa inakunywa maji pengine toka tuko wadogo, ju matundu ya buloni za Johnson hakuna mutu aliziba. Nje unaona boti nzima, ndani ni ugoro.

Mimi nikakaa chini. Fundi yeye akafurahi! "Ju tunapaswa kutosha yote, basi tutarudishia yenye kuwa ndefu." Yaani ule uozo njo uliokoa moteri yangu. Kama ubao ungekuwa muzima ningekata kitu kizima ama ningeuzisha moteri kwa hasara.

Tulikata ngozi ya ndani na mashini, tukachimbua ule ubao na patasi, unatoka kama majani ya chai yenye kuchemshwa. Tukaacha siku nne ikauke, lakini unajua Bukavu, mvua ikakuja, tukafunika na shitingi, tukafunua, tukafunika. Tripleksi ya kweli nilizunguka Kadutu siku mbili, zingine ukizilowesha usiku mmoja zinafunguka kama kitabu, fundi alikuwa ananituma na ndoo ya maji nikajaribu vipande. Tukagandisha mbili pamoja mpaka ikafika unene kama sentimita 4, tukaipandisha juu sentimita 13, alafu rezini na mikeka ya fibra juu yake, tabaka kwa tabaka.

Pale kwenye rezini njo niliharibu tena. Iko na dawa yake ya kuikausha, unatia kidogo sana, gramu moja ama mbili kwa mia, fundi alikuwa anapima na sindano ya hospitali. Siku hiyo alichelewa, kulikuwa baridi, mimi nikawaza kukiwa baridi itakawia basi niongeze, nikatia kwa macho. Kisha dakika chache kopo ikaanza kuchoma mukono, nikaiweka chini, ikatoa moshi, ikapasuka katikati paa, ikawa jiwe na burashi yangu ndani.

Kutoka kwenye kiti: "Uji yako imeungua."

Hiyo ilikuwa maneno ya kwanza mu wiki mbili. Mama alicheka mpaka akaegemea mulango.

Moteri nayo ilikuwa na siri zake. Ilikuwa imetumika mu bahari, na bahari ni chumvi, siye huku hatuna hiyo shida. Fundi alifungua njia za maji akakuta kitu nyeupe imeganda ndani kama mufupa, na temostati haitembei. Akalowesha vipande na vinegre usiku muzima. Turbini ya pompe ya maji mabawa yake yalikuwa yamekakamaa, tukatia mupya. Tukaiwasha mu pipa ya maji pale pale uwanjani, majirani wote kwenye ukuta, na fundi alikuwa anaangalia kitu moja tu, kale katundu ka nyuma kenye kanarusha maji. "Inakojoa!" Watoto wakapiga makofi. Moteri yenye haikojoe usiende nayo mahali, itapika kichwa yake.

Kufunga, fundi alikataa tushike na zile vis za mukono peke yake. Buloni nne za inoksi zipite mbao yote, silikoni mu kila tundu (mu kila tundu, alirudilia mara tatu ananiangalia), na mnyororo mudogo juu yake. Yamaha ile inapita kilo 70, Johnson ilikuwa kama 50, na Kivu iko na mahali inafika karibu mita 480 kwenda chini. Ikiruka, umeizika, hakuna mutu atakwenda kuitafuta.

Siku ya kujaribu ilikuwa siku ya posho (jumamosi). Esansi litre 25 kwa kadhafi, ule muuzaji wa esansi wa barabarani, nusu litre ya mafuta, changanya. Kamba mara tatu, ikademare, ikatulia muzuri, mimi natabasamu kama bwana harusi. Tukatoka polepole. Nikafungua gazi, na pale ikabadilika: sauti ikawa nzito, inanguruma kama mutu mwenye anabeba saruji, moshi nyeusi, pua ya boti iko juu na haitaki kushuka. Farasi 40, na mutu wa pirogi ya makasia anatuangalia anatusikitikia. Tukarudi. Buji (plagi) zilikuwa nyeusi, mbichi, zinanuka esansi.

Fundi akasema ni ile esansi ya kadhafi. Tukabadilisha esansi, tukaiacha kwanza mu chupa tuone kama maji itashuka chini, haikushuka kitu. Tukaenda tena: sawa vile. Akasema ni buji. Tukanunua buji. Sawa vile. Sasa hapo pesa ilikuwa imeanza kuniuma.

Tulivyorudi mara ya tatu papa alikuwa amesimama kwenye maji, suruali imekunjwa, fimbo mukononi. Sikumuona papa kwenye maji toka miaka.

"Hii moteri inatoka wapi?"

"Dar, papa."

"Dar iko wapi?"

"Kwa bahari."

"Na siye tuko wapi?"

Nikawaza ni mutego. "Nguba."

Akacheka, papa, akacheka kabisa, akamugeukia fundi kama vile anamuonyesha mzigo wenye Mungu alimupatia. Alafu akapanda kwenda nyumba, polepole na ile mugongo yake, akarudi na kopo ya Nido yenye kutu. Ndani: gupi, vis, na tukaratasi tuwili tumekunjwa kama dawa. Kila kamoja kako na jikleri ya karbirateri ndani, kile kishaba chenye tundu yenye esansi inapitia. Kwenye karatasi moja aliandika na biki "bahari". Kwenye ingine "Kivu".

"Johnson nayo ilikuja na tundu ya bahari," akasema. "Huku hewa ni nyepesi. Ukiipatia chakula ya kule, itashiba ikose kupumua."

Na ni hivyo. Ziwa yetu iko mita 1,460 juu ya bahari, na moteri inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo ile 40 yangu huku ni kama 34, na ukiiachia jikleri ya bahari inazama mu esansi yake yenyewe. Elisi pia: ile ya mvuvi ilikuwa na hatua ya 13 (inchi zenye inapaswa kusogeza boti kila ikizunguka mara moja), nzito kwa moteri yenye imepunguka pumzi. Fundi akasema alikuwa anaiwaza toka mwanzo, ila alitaka kwanza tumalizane na esansi. Sijui. Nafikiri zile za kanoti rapidi alikuwa anazikuta zimekwisha kutengenezwa, lakini ni muzee, sikumuuliza.

Zile za kopo hazikuingia kwa Yamaha, bila shaka. Ila papa sasa alikuwa ameamka, akatutuma bandarini kwa wafundi wa kanoti na maneno ya kusema, tukarudi na jikleri ya tundu ndogo na elisi ya 11 yenye kutumika, bawa moja limekwaruzwa.

Siku ingine asubuhi sikuendesha mimi. Papa alikaa nyuma bila kuuliza, akashika mukono wa moteri, akanionyesha na kidevu niende mbele na bido ya esansi ju nyuma imekuwa nzito. Akafungua gazi. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, moshi hakuna, pua ikashuka na boti ikakaa juu ya maji kama mutu mwenye anatelezesha sahani kwenye meza. Akageuza kuelekea upande wa Ruzizi. Mimi nilikuwa nimegeuka nimuangalie, akanipigia kelele: "Angalia mbele, njo kazi yako!"

Kurudi, alikaa kwenye kiti, akaomba ile jikleri yenye tulitosha. Akaipangusa na shati. Akakata pembe ya gazeti, akaikunja ndani, akaomba biki, akaandika "Dar", akaitia mu kopo pamoja na zile zingine.

"Sasa," akasema, "hiyo dola 1,400, walikuwa wanakuombaka ngapi mwanzoni?"

Nikamwambia sikuombea bei.

"Mm."