Bei ya Mbalamwezi

Mwaka 2019 nilifanya kazi na mabinti wa Tandale, Dar es Salaam, wengi wao wakilea watoto peke yao. Mradi ulikuwa umempa kila mmoja mtaji kidogo, na watano wakaamua kukaanga samaki. Mmoja alikwishaning'iniza shingoni kitambulisho cha mjasiriamali, kile cha shilingi 20,000 ambacho wafanyabiashara wadogo walitakiwa kuwa nacho wakati huo, na hata dagaa hajanunua. "Mgambo hasubiri upate faida, dada," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu.

Alfajiri tukashuka soko la samaki Feri. Mnadani dalali alikuwa akipandisha bei ya ndoo ya vibua kwa kasi iliyotuacha midomo wazi. Pembeni yetu mama karanga mmoja mtu mzima, yaani mkaanga samaki wa kuuza, alikuwa amekalia ndoo yake tupu, ametulia kama aliyekuja kupunga upepo.

"Shikamoo mama. Mbona hununui?"

"Marahaba mwanangu. Jana usiku mwezi uliuona?"

Akatueleza. Vibua na dagaa huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza samaki hukusanyika penye mwanga, lakini mbalamwezi ikiwaka bahari yote ni nyeupe, taa ya mvuvi haina kazi. Boti hurudi nyepesi, bei hupaa. Halafu mteja wa uswahilini, aliyezoea kibua cha elfu moja, haongezi hata mia. Ondoa mafuta, ondoa mkaa, ondoa nauli. "Ukinunua leo unamkaangia dalali," alisema. "Subirini giza, mchangie ndoo moja, mgawane."

Tatizo ni kwamba ofisi ilitaka fedha zitumike wiki hiyohiyo, na risiti juu. Ratiba ile iliandikwa na watu wanaonunua samaki dukani. Mabinti wakabishana palepale, maji ya samaki yakitulowesha miguu, mwisho wanne wakakubali kwenda Gerezani kununua makarai kwa mafundi. Karai halina mwezi wala giza, na fundi aliandika risiti bila kinyongo.

Yule wa kitambulisho akagoma. Akanunua fungu la changu kwa bei ya siku ile, mama karanga akitikisa kichwa. Jioni hakuwapeleka Tandale. Alivuka nao mpaka kwenye baa za Sinza, ambako mtu mwenye bia mezani haulizi mara mbili bei ya samaki wa moto. Saa tatu usiku akanipigia: changu wamekwisha, na je, ndimu za jumla zinapatikana wapi?