Mzee Alvin na nduguye Lyle: kupatana bila kuuliza nani alikosa

Katika filamu ya The Straight Story, iliyotoka mwaka 1999, mtazamaji hukaa karibu saa mbili akimfuata mzee mmoja anayekwenda kupatana na nduguye, na hadi mwisho haambiwi waligombania nini. Anachoambiwa ni kwamba hawajasemezana kwa miaka 10, na kwamba katika ugomvi ule kulikuwa na hasira, majivuno na pombe. Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia nazidi kuamini kwamba kunyamaza huko kuhusu chanzo cha ugomvi ndiko kunakoipa uzito. Wengi huisifu kwa mandhari yake na kwa heshima inayoupa uzee. Mimi naisifu zaidi kwa kuthubutu kusema jambo ambalo familia nyingi hazitaki kulisikia, nalo ni kwamba ndugu wanaweza kupatana bila kesi yao kuamuliwa.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1994, Alvin Straight, mzee wa miaka 73 aliyeishi Laurens, mji mdogo katika jimbo la Iowa nchini Marekani, aliamua kwenda kumwona nduguye aliyekuwa amepatwa na kiharusi huko Mount Zion, katika jimbo jirani la Wisconsin. Macho yake yalikuwa yamefifia kiasi kwamba hakuwa na leseni ya kuendesha gari, nyonga zilikuwa zinamsumbua, na hakutaka kupelekwa na mtu. Akafunga tela nyuma ya mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha kama trekta dogo, akapakia mafuta, chakula, nguo na vitu vya kulalia, akaingia barabarani. Safari ilikuwa ya kilomita 386 hivi, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi, kwa mwendo usiozidi kilomita nane kwa saa, na ilimchukua wiki sita. Alvin wa kweli alifariki mwaka 1996, kabla filamu haijatengenezwa. Nduguye wa kweli aliitwa Henry, na katika filamu amepewa jina la Lyle.

Mwongozaji ni David Lynch, ambaye jina lake lilikuwa limezoeleka kwa filamu za giza na vitisho, hivyo wengi walishangaa alipotoa kazi ambayo hata mtoto mdogo angeweza kuitazama akiwa na bibi yake. Hadithi iliandikwa na Mary Sweeney pamoja na John Roach, fedha zilitoka zaidi Ulaya, na kampuni kubwa ya Disney iliingia baadaye tu kwa ajili ya kuisambaza Marekani. Lynch alipiga picha zake mwaka 1998 akifuata barabara ileile aliyopita mzee Alvin, tena kwa mpangilio wa safari, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana msimu unaouona ukisogea katika mashamba ya Iowa si wa kubuni: mahindi yamekauka, mashine za kuvunia zinapita, na majani ya miti yanageuka rangi kadiri mzee anavyokaribia anakokwenda.

Kabla ya safari, filamu inakaa Laurens kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia, na kwangu hiyo ni moja ya busara zake. Tunamkuta Alvin ameanguka jikoni kwake. Rafiki yake Bud, aliyekuwa akimngoja kwenye baa, amekuja kumtafuta akiwa na hasira kwa sababu mwenzake amechelewa. Jirani anaingia, binti yake Rose anaingia, wote wanasema kwa pamoja wakiwa wamesimama juu yake, na mzee mwenyewe yuko chini sakafuni, ametulia, akingoja wamalize ili wamnyanyue. Daktari anamshauri atumie kitembezi cha wagonjwa. Anakataa, na anachokubali ni kuongeza fimbo ya pili. Baadaye, akijiandaa kuondoka, anakwenda kwenye duka la vifaa na kutaka kununua kile chuma kirefu cha kuokotea vitu vilivyo chini, kwa kuwa mgongo haumruhusu kuinama. Mwenye duka anasita kumuuzia kwa sababu ni chake, amekizoea, na kupata kingine kutachukua muda. Wazee wenzao wamesimama pembeni wakiyasikiliza mazungumzo hayo kana kwamba ni habari kubwa ya wiki.

Huo ndio urafiki wa mji mdogo kama ulivyo. Hakuna anayemwambia Alvin kwamba anampenda, na hakuna anayekubaliana na mpango wake. Wanamwona ameanza kupotewa na akili, nao wanamwambia hivyo waziwazi. Mashine yake ya kwanza inapoharibika kabla hajafika mbali, na anaporudishwa mjini huku mashine imepakiwa kwenye lori, anapita mbele ya macho yaleyale yaliyomuaga. Aibu hiyo pekee ingetosha kumfanya mtu mwingine abaki nyumbani. Yeye anaichukua bunduki yake, anaipiga risasi mashine ile mpaka inawaka moto, kisha anakwenda kununua nyingine, John Deere ya mwaka 1966, na kuondoka tena. Rafiki zake wanaendelea kutokubaliana naye, lakini wanamwacha aende, na kumwacha aende kunahitaji mapenzi makubwa kuliko watu wanavyodhani.

Barabarani anakutana na watu ambao hatawaona tena. Msichana mmoja mjamzito aliyetoroka nyumbani anakaribia moto wake usiku, naye anampa chakula bila kumhoji. Anaposikia kwamba msichana anaogopa hasira ya wazazi, anamsimulia jinsi alivyokuwa akiwapa watoto wake kijiti kimoja wakivunje, nao wakakivunja bila shida, kisha akawafungia vijiti vingi pamoja na kuwaambia wajaribu tena. Msomaji yeyote aliyelelewa kwetu ameshausikia mfano huo, maana mzee gani hajawahi kuusimulia? Kilichonigusa ni kwamba Alvin hausimulii kama mtu aliyefaulu. Anausimulia huku kijiti chake mwenyewe na cha nduguye vimetengana kwa miaka 10. Asubuhi msichana ameondoka, na pale alipolala ameacha vijiti vilivyofungwa pamoja.

Katika mji wa Clermont breki zinamshinda kwenye mteremko, na familia moja inampa nafasi ya kulala uani kwao wakati mashine inatengenezwa. Anapohitaji kumpigia simu Rose hakubali kuingia ndani ya nyumba. Anaomba aletewe simu nje, anazungumza kuhusu hundi ya pensheni anayoingojea, kisha anawaachia fedha za gharama ya simu. Baba mwenye nyumba anajitolea kumfikisha kwa gari hadi kwa nduguye, safari ambayo ingekwisha siku hiyohiyo, na Alvin anamshukuru lakini anasema anataka kuimaliza kama alivyoianza. Mapacha wawili wanaoitengeneza mashine hugombana kila dakika, na baada ya kubishana nao kuhusu bei, mzee anawaeleza kwamba hakuna mtu atakayekujua kuliko ndugu wa umri wako, kwa sababu ameyaona maisha yako yote. Katika baa ya mji huohuo, akinywa maziwa, anamweleza mzee mwenzake aliyepigana Vita Kuu ya Pili kwamba aliwahi kumuua kwa bahati mbaya askari wa upande wake, na kwamba wenzake wote waliamini ni risasi ya adui. Ni siri ambayo hakuwahi kuitoa. Mtu aliyebeba jambo kama hilo kwa miaka 50 hivi anaelewa kwamba kuna makosa yasiyofutwa kwa maelezo, na nadhani hapo ndipo anapopatia nguvu ya kutokwenda kwa Lyle na orodha ya madai.

Hapa niseme kwa nini jambo hili linanihusu. Katika ukoo wetu, baba yangu na baba yangu mdogo walinuniana kwa miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba aliloacha babu. Vikao vya kuwasuluhisha viliitishwa mara nyingi. Wazee walikuja na kukaa, chai ilinyweka, na kila kikao kilianza kwa swali moja: nani alianza? Swali hilo lilikuwa la haki, na liliulizwa na watu waliowatakia mema, lakini kila lilipoulizwa kila mmoja alichukua nafasi yake upya, akataja mti uliong'olewa, shahidi aliyefariki, na neno lililosemwa msibani, na jioni watu waliondoka wakiwa wameongeza jipya juu ya yale ya zamani. Majirani wenye busara walikaa mbali, kwa kuwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi watoto hatukuwa na jembe la kushika. Tulikuwa tukipishana na binamu zetu njiani bila kujua kama tunaruhusiwa kuwaamkia.

Sidharau vikao. Pale penye mali, watoto wadogo au damu iliyomwagika, lazima pawepo mtu wa kusikiliza pande zote mbili na kuamua. Hata hivyo kuna magomvi ambayo muda umeyala mpaka yakabaki majivuno tu, na hayo hayaponi kwa kuchunguzwa. Alvin analifahamu hilo. Usiku wake wa mwisho barabarani, baada ya kuuvuka mto Mississippi na kuingia Wisconsin, anapiga kambi makaburini, na mchungaji mmoja anamletea chakula. Mzee anamwambia kwamba kisa chao ni cha tangu Kaini na Habili, kwamba chochote kilichowakasirisha yeye na Lyle hakina maana tena, na kwamba anachotaka ni kukaa naye na kutazama nyota kama walivyofanya utotoni. Mchungaji hamwulizi zaidi. Kwa mtu aliyezoea vikao vyetu, kutoulizwa huko kunashangaza na kufariji kwa wakati mmoja.

Usidhani kwamba amesamehe kirahisi. Mwili wake ndio uliolipa. Mtu aliyekalia kiti cha chuma kwa wiki sita, mvua ikimkuta barabarani, malori yakimpita na upepo wake ukimng'oa kofia, hahitaji kuanza kwa hotuba ya kuomba radhi anapofika mlangoni. Angekubali lifti ya gari angefika mapema, lakini angefika mikono mitupu, na pengine Lyle angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini miaka 10 imekwisha kwa safari ya nusu siku. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba filamu hii ni ya polepole mno. Mwendo huo ndio malipo yenyewe, na mtazamaji anaombwa ayachangie kidogo kwa kukaa na kusubiri.

Katika kukutana kwao hakuna vilio wala kukumbatiana. Alvin anaita jina la nduguye mbele ya nyumba ya mbao iliyochakaa. Kwa muda hakuna jibu, na unaanza kuogopa. Kisha Lyle anatoka, akijikongoja kwa kitembezi kilekile ambacho Alvin alikikataa kwa daktari, na kumkaribisha aketi. Anaitazama mashine na tela, anamwuliza kama kweli ameiendesha hiyo mpaka huko ili kuja kumwona, na Alvin anajibu kwamba ndiyo. Harry Dean Stanton, aliyeigiza kama Lyle, anaonekana dakika chache tu katika filamu nzima, lakini namna uso wake unavyolegea baada ya jibu hilo ni uigizaji ambao sijauona ukizidiwa. Richard Farnsworth, aliyeigiza kama Alvin, alikuwa akiugua saratani ya tezi dume iliyokuwa imeenea hadi kwenye mifupa wakati wa kupiga picha, hivyo maumivu unayoyaona anapoinuka na zile fimbo mbili hayakuwa ya kuigiza. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar akiwa na miaka 79, akafariki Oktoba 2000.

Jambo moja limebaki likinisumbua, nalo ni Rose. Sissy Spacek amemwigiza kwa upole mkubwa, mwanamke anayesema kwa kukatakata, anayetengeneza vijumba vya ndege, na ambaye watu humwona mpungufu wa akili ingawa baba yake anajua kwamba si hivyo. Moto ulitokea siku ambayo watoto wake walikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mmoja wao akaungua vibaya, na serikali ikawachukua wote kwa madai kwamba hawezi kulea. Usiku tunamwona amesimama dirishani, mpira unabingirika hadi uani chini ya taa, na mtoto wa jirani anaufuata. Mashine ya kukatia nyasi haiwezi kumfikisha kwa watoto wake, na kutosema nani alikosa hakumsaidii, kwa sababu yeye anahitaji mtu atamke mbele ya wote kwamba hakukosa. Filamu inafahamu tofauti hiyo, vinginevyo isingemwacha Alvin aisimulie habari yake kwa urefu namna ile. Lakini inamwacha Laurens akimngoja baba yake, na baada ya ile simu haimrudii tena. Ningependa tungerudi kwake walau mara moja, tusikie ameambiwa nini siku Alvin alipofika.