Skopu ya shabaha: usikimbilie zuumu

Watu wengi wakitafuta skopu, yaani darubini ya kulengea, ya bunduki ya shabaha swali la kwanza ni inavuta mara ngapi, na kwa maoni yangu hapo ndo pesa inapopotea. Zuumu kubwa inakula mwanga jamani, chukua kipenyo cha lenzi ya mbele ugawe kwa zuumu, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, so lenzi ya milimita 50 kwenye mara 25 inakupa milimita 2 tu, ukishusha hadi mara 10 unapata 5, na jioni tofauti unaiona wazi.

Mi naanza na vifundo vya kuzungusha, vile vya kurekebishia mlengo. Kliki ziwe zinasikika, na ukizungusha juu halafu ukarudi, skopu irudi palepale, isiporudi hata kioo kizuri vipi hakikusaidii. Napenda mili (kipimo cha pembe, mili moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali) kwa sababu kliki ya mili 0.1 inasogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100, sentimita 3 kwenye mita 300, hesabu ya kichwani hiyo. MOA nayo, yaani dakika ya pembe, iko poa, MOA moja ni kama sentimita 2.9 kwenye mita 100, ila alama za ndani na kliki za nje ziwe kipimo kimoja, zile za kuchanganya achana nazo kabisa!

Na paralaksi usiipuuze, yaani msalaba wa kulengea kuonekana unahama ukisogeza jicho, tikisa kichwa kidogo nyuma ya skopu, msalaba ukihama juu ya shabaha bado hujarekebisha.