Mlingoti wa mita 11 kwenye ploti ya 50 kwa 100: uzoefu wangu na antena za redio ya ridhaa

Ploti nyingi huku kwetu ni futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 na kidogo. Naanza na kipimo hicho kwa sababu ndicho kilichoamua karibu kila kitu: urefu wa mlingoti, aina ya antena, hata mahali pa kuchimba mashimo. Hapa Bombo, Uganda, nilichukua futi ya kamba na vigingi kabla sijanunua hata bolti moja, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo.

Leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha, ni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, na alama za wito (majina ya vituo hewani) za Uganda huanza na 5X. Ukikaa Entebbe au popote karibu na njia ya ndege, waulize mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kusimamisha chochote kirefu. Mimi pia nilimweleza mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani wa pande zote kwamba huu si mnara wa simu. Ukilieleza mapema, hakuna anayeshtuka akiona bomba limesimama.

Antena niliyochagua ni daipoli, yaani waya wa mikono miwili unaolishwa katikati, yenye umbo la V iliyopinduliwa, ya bendi za mita 40 na mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, si wa waya). Yagi, antena ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, juu ya mnara ni nzuri sana, lakini huo uzito na upepo wake vinadai msingi mkubwa, mota ya kuzungusha na uwanja mpana wa kuilaza unapoitengeneza. Tena kwa mawasiliano ya Afrika Mashariki haihitajiki. Waya wa bendi ya mita 40 ukiwa mita 10 juu ya ardhi uko kwenye robo ya urefu wa wimbi, kwa hiyo hurusha nguvu nyingi juu, zikarudi chini na kutufunika sisi, Nairobi, Mwanza na Kigali bila shida. Waya wa bendi ya mita 20 kwenye kimo hichohicho uko nusu ya wimbi, na mawimbi yake hutoka kwa pembe ya chini zaidi, yanayofaa kwa safari ndefu. London kutoka hapa iko nyuzi 337 hivi, Tokyo nyuzi 53, New York nyuzi 312. Umbo la V husambaza karibu pande zote, kwa hiyo sikuhangaika kuigeuza antena ifuate dira.

Sasa uwanja. Mlingoti wa mita 11 unataka stei (nyaya au kamba za kuushikilia usianguke) zishikwe ardhini angalau mita 7 kutoka shinani, pande tatu, kila moja nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Mlingoti ukiwa katikati ya ploti, ukiielekeza stei moja kwenye upana utaona inakaribia mno ukuta. Ielekeze kwenye urefu, na zile mbili zilizobaki zitaachana kwa mita 12.1 tu, ambazo zinaingia ndani ya mita 15 na bado unapata nafasi ya kupita kando ya ukuta. Nyaya za umeme za barabarani ziwe mbali kuliko urefu wa mlingoti mara moja na nusu. Hilo halina mjadala: mlingoti ukianguka, au waya wa antena ukikatika na kupeperuka, usifikie nyaya hizo.

Mlingoti wenyewe ni mabomba mawili ya chuma yaliyopakwa zinki, kila moja mita 6: la inchi 2 chini, la inchi 1½ juu, moja likiingia ndani ya jingine kwa mita 1. Kati yao hubaki nafasi ya milimita 2 na ushei kila upande, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya mlingoti ucheze na kupinda. Nilikata vipande vya bapa la chuma la milimita 2, nikavikunja kuwa pete, moja juu ya maungio na moja chini, kisha bolti mbili za M10 zikapita kwa kukingamana. Usimruhusu fundi achomelee hapo. Moto unaunguza zinki, moshi wake unadhuru mapafu, na sehemu iliyoungua ndiyo itakayoanza kula kutu. Kileleni weka kifuniko. Shinani acha wazi maji yatoke.

Shimo la msingi lilikuwa sentimita 60 kwa 60, kina 90. Nilisimika ndani yake pembe mbili za chuma za 50 kwa 50 kwa milimita 5, zikabaki sentimita 40 nje ya zege, bomba likakaa katikati kama mlango kwenye bawaba. Bolti ya M16 ya juu ndiyo mhimili wa kugeukia. Ya pili, chini yake, huingizwa mlingoti ukishasimama. Mashimo matatu ya stei yalikuwa sentimita 40 kwa 40, kina 80, kila moja na nondo ya milimita 16 iliyopindwa kitanzi na kulazwa kuelekea mlingoti. Zege la 1:2:4, mchanga wa ziwani na kokoto, lilikula mifuko 5 ya saruji kwa jumla: 2 kwenye msingi na karibu 3 kwenye stei. Nililifunika kwa magunia na kulimwagia maji siku 7 kabla ya kulitwisha mzigo. Jua la hapa likilikausha haraka, hupasuka juu na kuwa dhaifu.

Stei ziko ngazi mbili, mita 5 na mita 10. Za chini ni waya wa chuma wa kusokotwa wa milimita 4. Za juu ni kamba ya poliesta nyeusi, kwa sababu chuma karibu na antena huivuruga. Ile kamba ya bluu ya dukani ya kufungia mizigo ni rahisi, lakini jua huifanya unga, na nailoni hurefuka ikilowa. Kwenye waya wa chuma tumia klipu za U tatu kila mwisho. Tazama kwa makini namna zinavyokaa: ile sehemu iliyopinda kama U hulala juu ya ncha iliyokatwa, na tandiko lake hulala juu ya waya unaobeba mzigo. Ukigeuza, U inaukandamiza na kuuvunjavunja waya unaobeba, na utaona nyuzi ndogondogo zimechomoza kama miiba baada ya miezi michache. Nilikuta klipu 4 zimefungwa kinyume kwenye kazi ya siku ya kwanza, ikabidi tufungue.

Kuusimamisha ndiko kwenye hatari, kwa hiyo nitaeleza polepole. Mabomba mawili yana kilo 52 hivi. Yakiwa yamelala, mtu akivuta kamba iliyofungwa juu ya mlingoti, kamba inakwenda karibu sambamba na bomba na haiinui kitu. Inahitajika nguzo ya msaada: mti wa kalitunsi (mkaratusi) wa mita 4 uliosimama wima shinani, umefungwa imara kwenye bomba, na kamba inapita kutoka mlingotini, juu ya nguzo hiyo, hadi kwa wavutaji walio mita 8 upande wa pili. Kwa vipimo hivyo nguvu ya kuanza ni kama kilo 75 za uvutaji, na hupungua kadiri mlingoti unavyoinuka. Watu wanne wanatosha, au wawili wakiwa na kapi.

Tatizo ni pembeni. Stei tatu za nyuzi 120 haziko kwenye mstari wa bawaba, kwa hiyo haziwezi kuuzuia mlingoti usianguke kushoto au kulia wakati unapanda. Piga vigingi viwili vya muda, kimoja kila upande, sawasawa kabisa na mstari wa bolti ya M16 na kwa kimo kilekile cha bolti. Kamba za pembeni zikifungwa hapo hubaki na urefu uleule tangu mlingoti umelala hadi umesimama. Kigingi kikihama hata nusu mita mbele au nyuma, kamba ama italegea katikati ya safari ama itakaza mpaka ing'oe kigingi. Na kamba ya nyuma lazima iwe na mtu wake, maana mlingoti ukipita nyuzi 80 hivi hujitupa wenyewe upande wa wavutaji. Hakuna mtu wa kukaa chini yake, hakuna mtoto uwanjani, na mwenye kutoa amri ni mmoja tu.

Waya wa antena ni shaba ya nyuzi nyingi, milimita za mraba 2.5, ule wa kufungia umeme wa nyumba. Kanuni ni 143 gawanya kwa megahezi: kwa 7.1 unapata mita 20.1, yaani mita 10 na kidogo kila mkono. Anza na mita 10.4, kwa sababu kukata ni rahisi kuliko kuunga, na wala usikate: ukunje mwisho urudi juu yake wenyewe. Ganda la plastiki na umbo la V vyote hufanya waya uonekane mrefu, kwa hiyo utaishia chini ya hesabu ya kitabu. Kila sentimita 1 unayoondoa kwenye kila mkono hupandisha masafa kwa kilohezi 7 hivi kwenye mita 40, na kilohezi 28 kwenye mita 20. Rekebisha ya mita 40 kwanza, kisha mikono ya mita 20 inayoning'inia chini yake kwa vitenganishi vya bomba la plastiki la sentimita 20 au zaidi. Ukizirekebisha kinyume chake utazunguka mchana kutwa. Ncha za mikono mirefu ziko mita 4 juu ya ardhi, pembe ya V ni karibu nyuzi 99. Usiiache ishuke chini ya 90. Ncha hizo zina volti nyingi unaporusha, kwa hiyo mtu asiweze kuzifikia.

Katikati ya antena, kebo inayotoka kwenye redio hujizungusha mara 12 au 13 kwenye bomba la plastiki la inchi 4, mizunguko ikilala kando kwa kando bila kupandana. Hiyo huzuia mkondo usirudi kwa nje ya kebo na kuingia kwenye redio na spika. Kwa HF, yaani masafa ya chini kama ya bendi zangu hizi, kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 20 inatosha: kwenye bendi ya mita 40 hupoteza chini ya desibeli 1. Kwa VHF, masafa ya juu zaidi, ya megahezi 145 kebo hiyohiyo hupoteza karibu desibeli 4, zaidi ya nusu ya nguvu yako, na hapo RG-213, iliyo nene zaidi, ni lazima.

Radi ndiyo imenigharimu mawazo mengi kuliko yote. Ukanda huu wa ziwa unapigwa radi kuliko sehemu nyingi duniani, na wengi tunakumbuka Juni 2011, radi ilipoua watoto darasani Runyanya, Kiryandongo. Nilipigilia fimbo tatu za ethi (za kupeleka umeme ardhini) za mita 1.2, zikiachana kwa mita 2.5, kila moja ndani ya kishimo cha sentimita 50 ili ifikie udongo wenye unyevu. Murami, huu udongo mwekundu wa changarawe, ikikauka Januari na Februari, fimbo iliyo juujuu ni kama haipo. Mafundi wengi hutia chumvi. Chumvi hula fimbo na mvua huiosha. Mfinyanzi mzito unaoshika maji ni bora. Kisha unganisha fimbo hizo na ethi ya nyumba. Zikiachwa bila kuunganishwa, radi ikipiga, tofauti ya volti kati ya ethi mbili hupita katikati ya redio yako na ya aliyekaa mbele yake. Waya wa shaba nimeuzika ndani ya bomba, kwa kuwa shaba iliyo wazi huibiwa. Na wingu likijikusanya, kebo inachomolewa nje ya ukuta, si ndani ya chumba.

Maungio ya nje nayafunga kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kuanzia chini kwenda juu, ili mikunjo ilale kama mabati na maji yateleze. Kalooli, wale korongo wakubwa, nao hupenda kutua kileleni. Ndege huyo anaweza kufika kilo 9, kwa hiyo kihami cha katikati kifungwe na kamba yake ya kubeba, si kwa kutegemea kebo.

Kelele zilizofunika mita 40 zilitoka kwenye kidhibiti chaji cha sola. Nilijua kwa kuendesha redio kwa betri na kuzima kimoja kimoja. Pete za feraiti kwenye nyaya zake, karibu kabisa na kisanduku, zilizipunguza sana.

SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, naiandika kila mwezi. Sehemu yake nzuri ikishuka kimasafa kidogo wakati wa mvua na kurudi jua likitoka, ni ganda la waya limelowa tu. Ikiwa nzuri kila mahali, hata pale ambapo antena haikurekebishwa, maji yameingia kwenye kebo: nguvu inayorudi inamezwa njiani kabla haijafika kwenye mita. Kata sentimita 10 mwishoni utazame wavu wa shaba. Ukiwa mweusi, endelea kukata mpaka uone shaba inayong'aa, na usipoiona, badilisha kebo yote.